Tiba kwa vitendo Dodoma: tumeipima kwenye ndoo, chooni na jikoni

Jina la huduma hii linawapoteza wengi. Mtu akiandikiwa tiba kwa vitendo baada ya kiharusi, familia hudhani ni kuchuliwa kwa mafuta, au ni mazoezi yale yale ya fiziotherapia kwa jina lingine. Fiziotherapia inashughulika zaidi na mwili wenyewe: nguvu ya misuli, ulaini wa maungo, kusimama na kutembea. Mtoa tiba kwa vitendo anauchukua mwili huo ulivyo leo na kuuliza unatosha kufanya nini: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kusonga ugali, kushika penseli darasani, kurudi kwenye genge la nyanya. Pale usipotosha ana njia tatu. Anaweza kurudisha uwezo kwa kulirudia tendo lenyewe, anaweza kubadili namna ya kulifanya, au anaweza kubadili kifaa na mahali linapofanyika. Anayezijua zote tatu na kuzichanganya ndiye wa kumshikilia.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa familia yenye mgonjwa wa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mzee anayeangukaanguka, ni huduma ya thamani kubwa, na matunda yake huonekana haraka, ilimradi ifike nyumbani. Ikiishia kwenye chumba cha hospitali chenye choo cha kukaa na maji ya bomba, halafu mgonjwa akarudi Nkuhungu au Chamwino kwenye choo cha shimo na ndoo, nusu ya kazi imemwagika njiani. Hicho ndicho kigezo tulichotumia kwa kila kitu hapa chini.

Kikao cha kwanza

Kikao cha kwanza kizuri huchukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa yake ni maswali. Kwa mzee wa Kigogo mtaalamu ataanza na mbukwenyi, hataruka salamu, kisha atauliza siku inavyokwenda. "Bibi, ukiamka unaanza na nini? Maji ya kuoga nani anakutekea? Choo kiko ndani au uani? Usiku unafikaje huko?" Ndugu waliokaa pembeni wanaweza kuyaona maswali haya kama maongezi tu. Kumbe hapo ndipo kipimo kilipo, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayoamua kitakachofundishwa.

Baada ya maswali lazima aone tendo kwa macho yake. Atamwomba mgonjwa avue shati, anywe maji kwa kikombe, ainuke kwenye kiti, afungue chupa. Atatoa futi ya kupimia. Mwisho ataandika lengo, na hapa ndipo unapoweza kumjua. Lengo la "kuimarisha mkono wa kulia" halimsaidii mtu, maana hakuna siku utakayosema limetimia. Lengo linalofaa linasomeka hivi: ndani ya wiki 4, akiwa amekaa kwenye kiti, atavaa dera mwenyewe bila kushikwa mkono. Mama mkwe, mjukuu, kila mtu ndani ya nyumba anaweza kuliona limefikiwa au bado.

Ukiona vikao vitatu vimepita kwa kuchuliwa tu, mlezi ameachwa nje ya mlango, na mgonjwa amepewa karatasi ya mazoezi inayofanana na ya jirani yake, uliza lengo ni lipi. Akikuahidi kwamba mkono utarudi kama zamani kwa idadi fulani ya vikao, ondoka. Hakuna mtaalamu mwaminifu anayeweza kuahidi hivyo.

Kiharusi: nguo, maji, na mkono wa kulia

Kuvaa ni somo la kwanza karibu kila mahali, na ni sawa, kwa sababu hufanyika kila siku na mgonjwa huona matunda ndani ya siku chache. Kanuni ni moja: mkono dhaifu uanze kuvaa, na uwe wa mwisho kuvua. Kwa fulana au dera, mgonjwa akae kwenye kiti kisichoyumba, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Nguo ilazwe mapajani, mgongo wake ukitazama juu, shingo ya nguo ikielekea magotini, na mkono wa nguo wa upande dhaifu uning'inie katikati ya magoti. Aushushe mkono dhaifu ndani yake, kisha kwa mkono mzima aivute nguo ipite kiwiko na kufika begani. Ndipo aingize mkono mzima, halafu kichwa, kisha aishushe mgongoni.

Wengi hukwama kwenye kiwiko. Nguo isipovuka kiwiko kabla ya kichwa kuingia, hukaza, mgonjwa huivuta kwa hasira, na mlezi mwenye huruma huudaka mkono dhaifu na kuunyanyua. Hilo ndilo kosa kubwa. Bega la mgonjwa wa kiharusi limepoteza nguvu ya misuli ya kulishikilia, na kuvutwa mkono au kuinuliwa kwa kushikwa kwapani hulitegua kidogo kidogo. Maumivu yake yanaweza kukaa miezi na kuzuia tiba nyingine zote. Mtoa tiba asiyemfundisha mlezi mahali pa kushika, yaani kiunoni au kwenye mkanda uliofungwa kiunoni, amebakiza jambo la msingi kabisa.

Kuhusu nguo zenyewe, dera lina faida kubwa: ni pana, halina vifungo, na mkono mmoja unatosha. Lakini pindo lake linaburuza. Lipunguzwe lifike juu ya kifundo cha mguu, la sivyo atalikanyaga akiinuka. Kanga ya kujifunga kiunoni kwa mkono mmoja inawezekana ila huchukua muda mrefu kujifunza. Njia ya mkato ni kumpelekea fundi cherehani aitie lastiki iwe kama sketi, au ashone vipande vya velkro kwenye ncha. Wanawake wengi huona wameheshimiwa zaidi wakibaki na kanga yao kuliko kuvalishwa suruali ya mazoezi, na mtaalamu anayelijali hilo anastahili alama yake.

Maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na hakuna mgonjwa wa kiharusi anayepaswa kuikokota. Weka lita 8 hadi 10, ndoo ikae juu ya stuli kwa kimo cha mapaja, upande wa mkono mzima, na mgonjwa akae kwenye kiti. Kata yenye mpini ni bora kuliko kikombe kinachoteleza. Dodoki refu, au dodoki lililofungwa kwenye fimbo ya sentimita 40 hivi, linafika mgongoni na miguuni bila kuinama. Kipande cha sabuni kitiwe ndani ya soksi na kufungwa kamba kwenye kiti, kwa sababu sabuni ikidondoka ndipo watu wanapoinama na kuanguka. Kabla ya yote hayo, maji yajaribiwe kwa mkono mzima. Mkono dhaifu mara nyingi umepoteza hisia, na maji ya moto huuunguza bila mwenyewe kujua.

Kuna jambo ambalo tiba hii ikiletwa kutoka vitabu vya mbali hulikosa. Kwetu mkono wa kulia ni wa kula na kusalimia, wa kushoto ni wa kutawazia. Kiharusi kikiulaza mkono wa kulia, wa kushoto unabebeshwa kazi zote mbili, na wazee wengi huacha kula na wenzao kwa aibu kabla ya kuacha kitu kingine chochote. Wengine hupunguza chakula wakitumaini kupunguza safari za chooni. Mtaalamu lazima alitaje wazi. Suluhisho liko karibu: kibuyu au jagi lenye mdomo mrefu kwa kutawazia, maji na sabuni pale pale chooni, na kijiko cha kulia ugali kwa mkono wa kushoto badala ya kumega tonge. Mpini wa kijiko unenepeshwe ufike kipenyo cha sentimita 3 hivi. Kandambili iliyochakaa inatosha: kata kipande cha soli, toboa katikati kwa kisu, ingiza mpini. Sahani iwe na ukingo uliosimama, ikae juu ya kitambaa chenye unyevu isiteleze. Huhitaji kuagiza chochote kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo.

Kusonga ugali kwa mkono mmoja kunawezekana ikiwa sufuria imebanwa. Seremala anatengeneza fremu ya mbao inayoishika mishikio ya sufuria, na jiko la mkaa linainuliwa juu ya jukwaa la matofali ili mpishi akae. Ugali wa mtama au uwele kwa watu wanane ni mzito mno kwa hatua hii. Aanze na wa watu wawili.

Kiti cha choo, kifaa tunachokitetea kuliko vyote

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, zitumike hapa. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunahitaji magoti, nyonga na msawazo wa mwili ambavyo mgonjwa wa kiharusi, mzee mwenye baridi yabisi na mjamzito mwenye maumivu ya nyonga hawana. Asiyeweza kuchuchumaa huvalishwa nepi au huhudumiwa kitandani, na baada ya hapo heshima yake ndani ya nyumba hushuka haraka.

Wengi huanza na kiti cha plastiki cha dukani, wanakitoboa tundu. Tumekiona kikivunjika mara nyingi, na sababu inajulikana: kisu kinakata zile mbavu za chini zinazobeba uzito, ufa unaanzia kwenye kona ya tundu, na miguu yake hutanuka kwenye saruji iliyolowa. Kwa mtu mwepesi kinaweza kumudu wiki kadhaa. Kwa mtu wa kilo 80 ni hatari tangu siku ya kwanza.

Kinachodumu ni cha fundi wa kuchomelea, bomba la mraba la inchi 1, miguu minne iliyounganishwa kwa vyuma vya pembeni na nyuma, mbele pakiachwa wazi ili visigino viweze kurudi nyuma wakati wa kuinuka. Kimo chake kinapatikana kwa kumpima mtumiaji: akiwa amekaa, pima kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, kisha ongeza sentimita 3 hadi 5 kama magoti ni dhaifu. Kwa watu wazima wengi hutoka kati ya sentimita 43 na 50. Kikiwa kifupi hataweza kuinuka. Kikiwa kirefu miguu itaning'inia na atakaza tumbo bila mafanikio. Tundu liwe na upana wa sentimita 20 hadi 23, refu zaidi kwenda mbele kuliko nyuma. Mikono ya kiti iwe imara kiasi cha kusukumwa kwa uzito wote.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni nafasi ya miguu: pima sakafu ya choo kwanza, maana mguu mmoja ukiangukia kwenye ukingo wa shimo kiti kitapinduka. La pili ni mtawanyiko. Kutoka kwenye tundu la kiti hadi shimo kuna nusu mita ya hewa, na bila faneli uchafu hutapakaa na walezi hukichukia kifaa. Ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako na kufungwa chini ya tundu inamaliza tatizo. Miguu ivalishwe mpira wa tairi, na chuma kipakwe rangi ya mafuta tabaka mbili, kwa sababu mkojo hula chuma upesi kwenye maungio.

Chuma cha kushikia ukutani ni jambo jingine. Skrubu na plagi za plastiki hushika vizuri kwenye zege, si kwenye ukuta wa tope wala kwenye tofali zenye uwazi ndani. Huchomoka siku ile mtu anapolemea, ambayo ndiyo siku uliyokifungia. Ukuta dhaifu unataka bolti inayopenya hadi nje na bamba la chuma upande wa pili. Kama hata hilo haliwezekani, nguzo mbili zilizochimbiwa sakafuni ni salama zaidi.

Watoto

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupimwa kwanza kwa namna anavyokaa, kwa sababu mtoto asiyekaa vizuri hawezi kumeza vizuri, kushika wala kutazama. Kiti kinachomfaa kinamkunja nyonga, magoti na vifundo kwa pembe mraba. Kina cha kalio, yaani sehemu ya kiti ya kukalia, kipimwe kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu upunguze sentimita 2 hadi 3. Hapo ndipo viti vingi vya kuazimana vinapoharibu: kalio likizidi urefu, mtoto huteleza mbele, mgongo unapinda kama jembe na kichwa kinaanguka. Mkanda upite juu ya nyonga, si tumboni. Nyayo ziwe na pa kukanyaga. Meza ifike kwenye kiwiko.

Viti vya karatasi vinastahili kusifiwa kwa hali ya hewa ya Dodoma. Maboksi makavu yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano hadi unene wa sentimita 3 hivi, yanakatwa kwa kipimo cha mtoto, yanaunganishwa kwa vipande vya gazeti na kukaushwa juani kabla ya kupakwa rangi au vanishi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, jua na upepo wa huku hukausha hadi ndani. Kikitengenezwa Januari unyevu hubaki katikati na kiti hulainika. Adui mwingine ni mchwa, kwa hiyo kisilazwe kwenye udongo. Kiti kilichokauka vyema hubeba mtoto bila wasiwasi, na mtoto akikua kinatengenezwa kingine kwa gharama ndogo.

Kulisha ndiko tunakotaka wazazi wawe wakali kwa mtaalamu wao: msiondoke kabla hajawaona mkimlisha mtoto. Kumlaza chali na kumwagia uji mdomoni kunaupeleka uji kwenye njia ya hewa. Mtoto hukohoa, hupaliwa, na baadaye kifua hujaa mara kwa mara bila mtu kujua chanzo. Akae wima, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, kijiko kije kutoka mbele na chini kidogo, kiwe na kiasi kidogo, na mlezi asubiri hadi ameze kabla ya kijiko kingine. Uji mwepesi kama maji hukimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujipanga. Mzito unaodondoka polepole kwenye kijiko ni salama zaidi kwa wengi wao. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa. Hilo lazima lipangwe ndani ya siku ya mama, na mtaalamu anayelitaja bila kuuliza nani atamshika mtoto mwingine hajamaliza kazi.

Kwa mtoto mwenye usonji au aliyechelewa kujifunza, njia tunayoipa alama za juu ni ya kufundisha kutoka mwisho. Chukua kaptula ya shule. Mama anaivuta hadi mapajani, mtoto anamalizia kuipandisha kiunoni, anasifiwa, basi. Akilimudu hilo siku kadhaa, mama anaishia magotini. Kisha vifundoni. Kila mara mtoto ndiye anayemaliza, na kila mara anaonja kufaulu. Kuanza mwanzo wa tendo humwacha mtoto akishindwa katikati kila asubuhi, gari la shule likipiga honi. Kelele, lebo ya nguo inayokwaruza shingo na mashine ya kinyozi vinaweza kumtesa mtoto wa usonji kweli kweli. Viboko havimfundishi kuvizoea.

Mikono, ukoma na afya ya akili

Splinti za mkono, yaani vishikizo vya kuuweka mkono katika mkao sahihi, zile za plastiki inayolainishwa kwa maji ya nyuzijoto 65 hadi 75 na kufinyangwa juu ya mkono, hufanya kazi nzuri baada ya kuungua au kukatika kano. Kovu la moto hukaza kwa miezi mingi, na vidole visipozuiliwa hujikunja kabisa. Mambo ya kuangalia ni machache: ukiivua, alama nyekundu ikibaki zaidi ya dakika 20 inabana na irudishwe kurekebishwa, ioshwe kwa maji ya baridi, isiachwe juani wala kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu joto la mchana la Dodoma ndani ya gari lililofungwa linatosha kuipotosha umbo.

Mkoa huu unaujua ukoma kupitia Hombolo, penye historia ya kituo cha wagonjwa wa ukoma. Hata ugonjwa ukipona kwa dawa, mikono iliyopoteza hisia hubaki, na mwenye mikono hiyo huungua jikoni bila kusikia. Mwiko mrefu wa mbao, mishikio ya sufuria iliyozungushiwa kitambaa kinene, jembe lenye mpini laini uliofungwa mpira, na kila jioni kuiloweka mikono kwa maji dakika 20 hivi, kuipaka mafuta ikiwa bado na unyevu na kuikagua kwa macho. Ni mambo madogo, na yanaokoa vidole.

Dodoma ndiko ilipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, hivyo watu wa huku wana sababu ya kuujua upande huu wa tiba kwa vitendo. Ni upande wake wa zamani: taaluma yenyewe ilipojiundia chama cha kwanza Marekani mwaka 1917, matibabu ya akili kwa njia ya kazi na ratiba ndiyo yaliyokuwa kiini chake. Mtu aliyetulia kwa dawa bado anahitaji kujifunza upya kuamka kwa wakati, kuoga bila kukumbushwa, kwenda sokoni Majengo na shilingi elfu kumi na kurudi na chenji sahihi, kupika, kukaa na watu. Bustani, ufumaji na useremala ni njia nzuri mradi mgonjwa amechagua mwenyewe na zinaongoza kwenye maisha atakayoyarudia. Atakayerudi kuuza duka akifundishwa kufuma vikapu miezi mitatu, muda wake umepotea. Waulizeni wataalamu: akitoka hapa, asubuhi yake ya kwanza nyumbani itakuwaje?

Kiti mwendo kinunuliwe mwisho

Hapa familia nyingi hutangulia. Ajali ya bodaboda imetokea, uti wa mgongo umeumia, na harambee ya ukoo inanunua kiti kabla mtaalamu hajampima mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unaitaja huduma ya kiti mwendo kuwa hatua 8, kuanzia rufaa na tathmini hadi ufuatiliaji, na kiti chenyewe kukabidhiwa ni hatua moja tu kati ya hizo. Kiti cha hospitali chenye kalio la kitambaa kimetengenezwa kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi maabara. Kumkalisha mtu asiye na hisia humo kutwa nzima bila mto maalumu ni kumwandalia vidonda vya mgandamizo.

Pima upana wa nyonga, kina cha paja, na urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Kati ya ukingo wa kalio na nyuma ya goti viingie vidole viwili au vitatu. Halafu tazama njia. Mtaa wa mchanga wa Chang'ombe humeza magurudumu madogo ya mbele. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa la mbele na umbo refu kinapita, ila hakigeuki ndani ya chumba kidogo. Mlango wa choo wenye upana wa sentimita 60 hauruhusu viti vingi vya watu wazima, na ni bora kulijua hilo kabla ya kulipa. Chagua kiti kinachotumia tyubu na beringi za baiskeli za kawaida, ili fundi baiskeli wa mtaani aweze kukitengeneza. Mtumiaji afundishwe kuuondoa uzito kwenye makalio kila baada ya nusu saa kwa kuinama mbele au kulalia upande, na ngozi ikaguliwe kila jioni kwa kioo. Baka jekundu lisilofifia maana yake hakai tena hadi liishe.

Pa kuanzia na cha kubeba

Anza kwa kuulizia idara ya utengamao, yaani ya kurudisha uwezo wa mgonjwa, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kwa masuala ya akili, Mirembe. Tumia jina kamili, mtoa tiba kwa vitendo, la sivyo utaelekezwa fiziotherapia moja kwa moja. Wengi wa wataalamu hawa wamepitia chuo cha KCMC Moshi. Wako wachache kuliko mahitaji, kwa hiyo nafasi ya kikao itumike vizuri.

Kama mtaalamu hawezi kufika nyumbani, mpelekee nyumba. Piga video ya simu ya dakika mbili ikimwonyesha mgonjwa akitoka kitandani hadi chooni kwa njia anayoitumia kila siku, bila kupanga vitu kwanza. Andika vipimo hivi kwenye karatasi: kimo cha kitanda kutoka sakafuni, upana wa mlango wa chumba na wa choo, kimo cha kizingiti, idadi ya ngazi, umbali wa choo kutoka kitandani, na kama kuna taa njiani usiku. Mbebee nguo anayovaa nyumbani, viatu vyake halisi na kijiko anacholia. Mlezi anayelala naye ndiye aende, hata kama si mkubwa wa familia. Kabla ya kutoka omba tarehe ya kurudi ndani ya wiki 2 au 3, na siku hiyo mrudi na kiti cha choo kwenye bajaji kama kimeanza kuyumba.